Kanzu Isiyokunjwa Pindo

Kaka,

Daktari amesema leo asubuhi kwamba baba hatamaliza mwezi huu. Mapafu yamechoka.

Mjukuu wa paka wako amezaa tena. Cherehani ya baba nimeifunika shuka. Ile kanzu aliyomshonea Imamu Mahdi, eti akija zama za mwisho asikose nguo safi, bado inaning'inia ukutani. Pindo halijakunjwa, kwa kuwa hajui kimo cha atakayeivaa. Unakumbuka ulivyomcheka mbele ya wateja: "Mzee, huyo Mahdi wako anavaa saizi gani?" Siku ile ndiyo uliyoondoka. Miaka kumi na moja sasa, na kila wiki ameipiga pasi.

Jana aliniomba niishushe. "Tuikunje kwa kimo cha kaka yako."

"Na Mahdi je, baba?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Yule Mungu kampangia siku yake. Huyu wetu nani kamzuia?"

Nilimtolea daftari lenye vipimo vyako vya zamani, akalisukuma. Anataka akupime mwenyewe. Futi ya kupimia nguo hajaiachia tangu jana.

Nimemwambia utafika Ijumaa, kabla ya swala.

Dada yako