Umeme wa Kichwani

Alhamisi, 19 Septemba 1974
Darasa la kisomo saa tisa. Wanafunzi kumi na wawili, wote wamenizidi umri. Ramadhani imeingia, midomo imekauka. Kidonge cha asubuhi sikumeza. Tangu tuhamishiwe Njinjo hakuna ajuaye nina kifafa ila watu wa nyumbani. Nikionekana nakunywa maji mchana nitaulizwa naumwa nini. Basi nafunga.

Jumamosi, 21 Septemba
Vidonge vyote viwili nameza baada ya futari. Daktari wa Kilwa alisema kimoja asubuhi, kimoja usiku, na nisifunge. Alinieleza vizuri: ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo mdogo. Njaa, kiu na kukosa usingizi vikiuzidi, umeme huo unalipuka wote kwa mpigo. Kijiji kizima hakina hata taa ya umeme, mimi ninao kichwani! Nikiamka daku usingizi haurudi. Mama anasema mchana nile ndani, mlango ufungwe. Nile kama mwizi? Sitaki.

Jumatatu, 23 Septemba
Nimeanguka. Darasani, mbele ya ubao. Nilipozinduka nilikuwa peke yangu sakafuni, ulimi nimeuuma, kanga imelowa. Wao wote nje, wanachungulia. Wanaogopa povu. Watu wazima kumi na wawili, hata mmoja hakunilaza ubavu. Nawachukia.

Jumanne, 24 Septemba
Wakati wa futari Mama Mdogo kanitengea sahani. Juzi tulikula sinia moja. Yeye alijua siku zote. Leo anaogopa majirani.

Mwenyekiti wa kijiji naye kaja. "Mwalimu, pumzika kwanza. Watu wanasema inaambukiza." Nikamwambia haiambukizi. Akasema anajua, lakini watu. Lakini watu! Tangu masika nawafundisha kusoma hao watu. Asipokuja mtu mpaka Alhamisi, darasa analifunga.

Najichukia na mimi. Niliambiwa. Nikafunga kwa kuwaogopa hao hao.

Jumatano, 25 Septemba
Darasani hakuja mtu.
Kidonge nimemeza asubuhi. Mchana nimekula muhogo kibarazani, wapita njia wakiona. Mmoja katema mate. Nikaongeza kipande.

Alhamisi, 26 Septemba
Saa tisa, mimi na ubao. Saa tisa na nusu akaingia Bi Hadija, mkubwa kuliko wote darasani. Jumatatu naye alikimbia. Sijasahau. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi mbele kabisa. Nyuma yake walikuja watatu, wakaishia mlangoni.

Akaanza kuandika jina lake. Kwenye j akakwama. Wenzake wakimtazama, akaninyooshea mkono wenye kalamu.

"Nishike, mwanangu. Nikiandika mwenyewe inapinda."

Nikamshika. Tukaandika j polepole, mara tano. Mkono wake ulikuwa baridi. Hakuutoa.