Mama Yumo, Upande wa Kulia

Mbwera, Rufiji
12 Mfunguo Mosi 1324

Mpendwa dada yangu Mwantumu,

Asalaam aleikum. Idd imetupita salama, na tunaomba nawe uwe umeila kwa furaha huko Unguja. Hujambo? Shemeji Zaidi hajambo? Lile jino lake limetulia? Sisi wazima wote, na hilo neno "wote" nakuomba ulisome mara mbili.

Ee dada! Barua yako aliileta nahodha Abdulkarimu alipokuja kupakia boriti. Nikaanza kumsomea mama kwa sauti, sijui kilichomo, mpaka nikafika pale ulipoandika kwamba umemsomea mama hitima. Na mama mwenyewe yuko mbele yangu anapeta mchele!

Sikulaumu. Tangu vita hivi vya Maji Maji vianze, tukaikimbia Kibiti kuja huku visiwani, habari ni za vifo tu. Halafu nikakupelekea picha ya nyumba nzima, mama hayumo. Nani asingelia? Kosa ni la kamera yangu. Jicho lake lilikuwa jembamba, watu hawaenei mpaka wabanane bega kwa bega, na mama hawezi kubanana safu moja na Khamisi, mume wa mdogo wetu Tatu. Mkwe ni mkwe, wajua mwenyewe. Akajitoa, akakaa uani, nami mjinga sikukuandikia sababu.

Mama aliacha kupeta, akauliza, "Walipika nini?" Nikamwambia ubwabwa na nyama ya mbuzi. "Na watu walikuja?" Nikasema walijaa mpaka nje. Alicheka hadi ungo ukamwagika. Lakini baadaye nilimkuta jikoni anajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mwanangu ananililia nami nipo," akasema. "Mpelekee picha nimo."

Bahati, jahazi hilohilo liliniletea lenzi mpya kutoka kwa yule Mgoa aliyenifundisha kazi ya picha. Ni ndogo, haizidi kikombe cha kahawa, lakini inaona upana wa ajabu. Mabamba ya kioo ya kupigia hakutia hata moja, na mimi nilibakiwa na moja tu. Kwa hiyo siku nne nzima nilikuwa nachungulia bure chini ya kitambaa cheusi, mimi na lenzi tunazoeana.

Kwanza tuligombana. Niliona nguzo nene mbele ya nyumba, nikafoka nani kaichomeka pale. Kumbe ni mguu wa kamera yangu mwenyewe! Hiyo lenzi haivuti mtu. Ukitaka aonekane mkubwa, umfuate kwa miguu yako. Nikamfuata Tatu, nikamsogelea sana, pua ikajaa kioo kizima. Khamisi akachungulia, akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo alikosa chakula cha mchana.

Nikagundua pia kwamba wanaokaa pembeni hutanuka. Nikamwonya mama. "Bora ninenepe kuliko nikose haya," akanijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi Ijumaa baada ya sala niliwapanga barazani. Khamisi mwisho wa kushoto, Tatu na watoto wake katikati, kisha shangazi Biasha, na mama mwisho wa kulia, bega kamgeuzia mkwe wasitazamane. Wote wakaenea! Nilitamani kupiga vigelegele humo ndani ya kitambaa. Nikawaambia asitikisike mtu mpaka nihesabu nne, kioo ndicho hicho kimoja.

Picha imo humu. Usishtuke kuona mkono wa mama, haujavimba, ni hiyo lenzi. Wote wametoka safi, hata vifungo vya Khamisi utavihesabu, ila mdomo wa mama umefifia. Nilimgombeza, nikamwuliza kwa nini alisema wakati nilikataza. Akanijibu, "Nilikuwa namwambia Mwantumu niko hai."

Sikumgombeza tena.

Nisalimie shemeji Zaidi, wifi yako Mwanaheri na majirani wote waliokula ule ubwabwa. Shangazi Biasha anakusalimu sana, na Tatu anasema pua yake haiko vile. Mungu akulinde, atufungulie njia, atukutanishe tukiwa hivihivi tulivyo. Mama anasema njia zikifunguka uje umpikie hitima yake upya, safari hii aile mwenyewe.

Ni mimi ndugu yako wa ziwa moja, nikupendaye,
Mwinjuma