Duara Kuzunguka Chanzo

3 Machi

Binti yangu mpenzi,

Kuna jambo nimelificha miaka ishirini na sita, na daktari amenishauri nisipange mambo ya mwezi ujao. Salamu sasa: hujambo? Kifua changu kimekuwa mpangaji mkorofi, kinagonga ukuta kila nikilala. Jambo lenyewe linahusu kile chanzo kidogo cha mawimbi ya redio, katika galaksi ya mbali, kilichonipa umaarufu. Nipe siku mbili nipate pumzi.

Baba

6 Machi

Shikamoo Baba,

Sijambo, ila roho iko juu. Siku mbili zimepita. Jumanne natetea tasnifu, na mwenyekiti wa jopo ni mwanafunzi wako wa zamani. Wewe uliandika kwamba chanzo kile ni kidogo kwa sababu ni kichanga: eksirei hafifu, ambazo gesi huzimeza, zinatufikia, kwa hiyo hakuna gesi ya kukizuia kukua. Mimi nimekipima kwa darubini mpya. Eksirei hafifu sizioni kabisa, kali tu ndizo zinapenya. Gesi nzito imekifunika. Ni kizee kilichobanwa. Mwenyekiti kacheka: "Yaani wewe ndiye wa kumfundisha mzee kutambaa?" Kasema niiondoe sura hiyo au nisije. Baba, nimekosea wapi?

Mwanao

7 Machi

Marahaba mwanangu,

Hujakosea. Vyombo vyetu vya zamani vilikuwa na ukungu, basi. Mwambie hivyo, yaishe.

Baba

8 Machi

Baba,

Pole na kifua. Lakini sikukuuliza habari za vyombo. Kwenye picha yangu, ubavuni mwa chanzo, kuna nyota. Mbona wewe ulichapisha jedwali la hesabu tu, picha hukuitoa? Kesho saa kumi naifuta sura yangu. Usinizungushe.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Usifute. Mkono umegoma, muuguzi ananiandikia. Kaapa nikileta longolongo ataweka kalamu chini. Tulikuwa tunachora duara kuzunguka chanzo, kisha tunahesabu eksirei zilizomo. Langu lilikuwa pana, likameza na nyota ya jirani pamoja na eksirei zake hafifu. Mpe mwenyekiti barua hii aisome mbele ya jopo, kwa sauti. Asije akasema mzee aliteleza. Nyota niliiona. Nililibana duara kwa mkono wangu, eksirei hafifu zikaisha zote. Hiyo ilikuwa wiki mbili kabla sijachapisha.

Baba