Kibao cha Msalani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako je, limeacha ukorofi au bado linakusumbua? Mimi mzima, ila sauti imenikauka kwa kushangilia. Kaa vizuri nikusimulie, maana nina habari tamu, na lipo moja la kukutubia.

Unajua hapa kiwandani tunashona mashati. Mstari ninaousimamia una washonaji arobaini na kibao kimoja cha kwendea msalani. Asiye na kibao haruhusiwi kuinuka. Mtunza kibao nilikuwa mimi, tena nilikining'iniza shingoni kwa maringo, Mungu anisamehe.

Mwezi uliopita mshona kola mmoja, mjamzito wa miezi saba, aliinuka bila kibao kwa kuwa mwenzake alikuwa nacho. Afanyeje, ajikojolee? Meneja akamkuta mlangoni, akamfukuza papo hapo. Wenzake walipokwenda kumwombea arudishwe, akawaambia hapa si bungeni, hakuna kupiga kura. Kazi yao ni kufuata kanuni zilizobandikwa ukutani.

Haya! Wakazifuata. Kanuni zenyewe, Mama, ziko kumi na nane, na hakuna aliyewahi kuzisoma, hata huyo aliyezibandika. Kila mshono ukaguliwe mara tatu. Sindano ibadilishwe kila saa mbili. Mashine izimwe kabla ya kukata uzi. Basi wakakagua, wakabadilisha, wakazima na kuwasha, kwa adabu zote, taratibu kama mabibi harusi. Mashati elfu moja kwa siku yakawa mia na tisini. Meneja akahangaika huku na huko akiuliza nani kaanzisha mgomo, akajibiwa hakuna mgomo, bosi, tunafuata kanuni. Nilikwenda kujificha nyuma ya marobota ya vitambaa nikacheka mpaka machozi.

Siku ya nne akaniita, akaniamuru niandike kwamba wanahujumu kazi, apate kuwafukuza wote. Nikaandika kwamba kila mmoja ametimiza kanuni zote kumi na nane, nikatia sahihi. Siku ya sita akasalimu amri. Mshona kola karudi, kibao kimetupwa, na tumechagua kamati yetu kwa kura, pale pale juu ya meza za kukatia. Tuliimba hadi mlinzi akaacha geti lake akaja kucheza!

Sasa toba yangu. Aliyewasomea kanuni zile, moja baada ya nyingine, baada ya kengele ya jioni, ni mimi. Usinisifu. Siku ile mjamzito alininyooshea mkono kuomba ruhusa. Nilimwona, nikageuza uso. Mama, niliona haya mpaka usingizi ukanikataa.

Kwa ile ripoti nimevuliwa usimamizi. Najua ulivyowatambia majirani. Wakikuuliza, waambie cheo kimekwenda, mwanao kakaa kwenye mashine jirani na mshona kola, na akitaka kuinuka, anainuka.

Wabusu wadogo zangu, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mwanao,
Mshona vifungo