Kijumba cha Katikati ni Chako

Mikayi, mke mkubwa wa boma letu, mke mwenzangu, binti wa Rangwe,

Wajukuu wetu wamepanga kwenda kulala nje kando ya ziwa, kwa hiari yao, na wanaona ni anasa. Najua umeshacheka. Mimi pia nilicheka, mpaka Achieng, binti wa mwanangu Otieno, aliponionyesha picha kwenye simu: vijumba vitano vya mbao vimepangwa kwa upinde juu ya kilima, vyote vikitazama maji, na chini yake mahema makubwa yenye vitanda, mashuka meupe na taa. "Ni kupiga kambi, Dani," akaniambia mimi bibi yake, "lakini kwa raha."

Nakuandikia kwa Kiswahili, tena waziwazi, ili mke wa Otieno, yule binti wa Kikuria, naye asome, pamoja na wale watoto wa Nairobi ambao Kijaluo chao kimebaki cha salamu tu.

Kilima chenyewe unakijua. Kiko upande wa Homa Bay, juu kidogo ya pale palipokuwa boma letu kabla ziwa halijapanda. Mzee, mume wetu, alikuwa machimboni Osiri akichimba dhahabu. Maji yaliingia jikoni kwako kwanza, kisha kwangu. Tukapanda kilimani na watoto, kuku na turubai moja. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi tu, mwalimu niliyeweza kuchora ubaoni mito ya dunia nzima, lakini sikujua mtu aliyepoteza nyumba analala wapi. Wewe ulichukua jembe ukachora mistari kwenye majani: nyumba yako katikati, yangu kando yake, ya wavulana karibu na lango. Lango lilikuwa mawe mawili.

"Mikayi, hakuna hata ukuta mmoja," nikakuambia. "Unapima nini?"

"Ukuta utakuja. Watoto wakiamka wajue kwa nani ni wapi."

Mara mvua ikashuka, na kwa kuwa turubai ilikuwa moja, sote tukajibana ndani ya mistari yako. "Leo tu, Mwalimu," ulisema ukinisukuma mguu. "Kesho urudi kwako." Kesho hiyo ilichelewa sana, nami sikulalamika.

Hatukurudi ufukweni. Mzee alipata shamba huku Rongo, tukawa watu wa miwa, na hadi leo mtu akiniuliza kwetu ni wapi huwa nasita kidogo kabla ya kujibu. Kitu tulichohama nacho kikakaa sawasawa ni ile mistari yako. Nyumba yako katikati ikitazama lango, yangu kando. Kwa mila yetu mbegu ya kwanza ni yako, mke mkubwa. Mimi sishiki jembe kabla yako. Unakumbuka mwaka ule malaria ilipokulaza, mvua ikaanza, majirani wakapanda wakamaliza? Mimi nilikungoja. Asubuhi moja nikakuona unatoka umejifunga blanketi, Odhiambo, kifungua mimba wako, amekushika mkono. Ukapanda mashimo machache, ukaketi palepale kwenye matope.

"Haya, panda," ukaniambia. "Usije ukaniimbia njaa mwezi wa nane."

Watu wa nje walisema unapenda cheo. Mimi nilikula mahindi ya cheo hicho.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Tangu tukuzike, Odhiambo hajala kwangu. Hatujagombana. Anafunga duka lake Migori, anakuja, anasimama uani, anauliza hali ya magoti yangu, ananiachia sukari, anaondoka. Nikimkaribisha ndani ananijibu, "Nimeshiba, Mama Mdogo." Nadhani ni moshi. Jikoni kwangu unapanda kila jioni, na kwako paa limekaa kimya. Mtoto aliyezoea kuona mioshi miwili, ataingiaje kwenye huo mmoja bila kuona amekuacha? Simlaumu. Lakini nimezeeka, Mikayi. Nikiondoka kabla hajakaa mezani kwangu, watoto wa nyumba yako na wa nyumba yangu watakuwa watu wa kukutana matangani tu.

Kwa hiyo Achieng alipounda kundi la familia kwenye simu, na Odhiambo akaandika, "Mimi na binti zangu tupo," nilivua miwani nikaifuta, nikasoma tena.

Kisha Achieng akatuma mchoro wa nani alale wapi. Mimi, bibi yake, amenipa kijumba cha katikati. Odhiambo aliusoma, alama za buluu zikaonekana. Hakujibu siku hiyo, wala wiki ile.

"Dani, Uncle ameingiwa na nini?" Achieng akanipigia. "Nimemwandikia, ananyamaza tu. Ama hataki mahema?"

"Umeniweka katikati."

"Si ni karibu na bafu? Na hizo magoti zako!"

"Katikati ni kwa mama yake."

"Lakini Dani... si alishatuacha?"

"Alituacha. Hakuniachia nyumba yake."

"Woi, Dani! Hii ni kambi, si boma."

"Nyumba tano zinatazama upande mmoja, na ndani yake ukoo mmoja. Wewe unaiita nini?"

Akacheka. "Sawa, umenishinda. Basi nimweke Uncle katikati?"

"Mwanamume mwenye ndevu alale nyumbani kwa mama yake? Utatuaibisha mpaka Tanzania! Weka binti zake. Wasichana ndio hulala kwa bibi yao."

"Na wewe? Ile ya kando iko na ngazi."

"Nitapanda."

Usimkasirikie mtoto. Alihesabu hatua za kwenda bafuni kwa ajili yangu, na huo nao ni upendo. Ila hajawahi kulala kwenye mistari ya jembe.

Nikampigia Odhiambo mwenyewe. Nilikaa kwanza, nikasafisha koo.

"Mwanangu, ule mchoro ulikosewa."

"Mimi sijasema kitu, Mama Mdogo."

"Najua. Hapo ndipo nilipokusikia."

Nyuma yake mteja alikuwa akiulizia misumari ya mabati.

"Katikati ni kwa mama yako," nikamwambia. "Binti zako watalala humo. Mimi niko kando, mahali pangu pa siku zote."

"Hiyo ya kando ina ngazi."

"Kumbe mchoro uliutazama vizuri!"

Akacheka, Mikayi. Kile kicheko chako cha puani, kama mtu anayepuliza moto. "Niliutazama," akasema. "Nitaleta kiti, mimi na Otieno tutakupandisha."

"Kama mzigo wa miwa?"

"Miwa haina maneno mengi hivyo." Kisha akamwambia mteja asubiri, na sauti yake ikashuka. "Tutatoka Migori mapema. Tukifika Rongo watoto watakuwa na njaa. Kwako kutakuwa na kitu?"

"Kutakuwa na uji. Na samaki."

"Basi tupikie. Tutaingia tule, ndipo twende ziwani."

Alisema tutaingia. Nimelirudia neno hilo tangu jana. Ziwa nalitamani bado, na nikifika nitakaa mlangoni nitazame pale maji yalipofunika ua wetu. Lakini hata gari likiharibika hapa Rongo, tusifike Homa Bay, mimi nitakuwa nimefika.

Pumzika, Mikayi. Naenda kuosha sahani. Mtoto wako anakuja kula.

Mke mwenzio,
wa nyumba ya kando