Rangi ya Maziwa, Si ya Chaki

Baba Watoto na wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mkate umebaki nusu, gawaneni bila ngumi. Fundi rangi akifika, mfungulieni chumba cha kulala apake lile kopo la rangi ya maziwa. La rangi ya chaki alirudishe dukani.

Asubuhi, Baba Watoto, uliyatazama makopo yote mawili ukacheka: "Mke wangu, nyeupe ni nyeupe. Dada yangu amesema ya chaki, basi yaishe." Sikukujibu kwa sababu machozi yalikuwa karibu, na mimi silii mbele ya kopo la rangi.

Sasa najibu. Wifi yangu halali chumbani humo. Mimi ndiye niliyelazwa wodini miezi na miezi, nikitazama ukuta wa rangi ile ile ya chaki, nikijiuliza kama nitawaona tena. Nimerudi kwangu. Sitaki kufumbua macho kila asubuhi nikidhani bado niko kule.

~~Lakini kama mmeshaamua, haya, pakeni hiyo ya chaki.~~

Hapana! Nimefuta. Nimeshachovya brashi mwenyewe, nikapaka ukuta wa upande wangu wa kitanda. Mistari imepinda kama njia ya panya, mkono unaniuma, lakini ukuta umependeza. Asiuguse mtu, bado mbichi.

Wifi akipiga simu, mwambieni namsalimu sana, na kwake apake apendavyo.

Leo narudi kazini. Jioni nikute kuta zote zimefanana na huo wangu.

Mama wa nyumba hii