Mtoto Amekataa Kuwa Nyamizi

Jumatatu, 6 Julai

Neema hana adabu. Mjukuu wangu mwenyewe, nimemlea kwa mikono hii, na leo kaosha kibuyu changu cha maziwa kwa sabuni. Sabuni na maji ya moto. Kibuyu cha mama yangu Nyamizi. Tangu enzi zake hakijakauka: ya jana yanabaki kidogo chini, yanagandisha ya leo. Sasa kinanuka kama sare ya shule. Nimemfokea hadi jirani akachungulia. Yeye ananyonyesha tu. Mtoto analia. Kila siku analia.

Jumanne, 7 Julai

Maziwa hayajaganda. Nimewapa mbwa.

Huyu mtoto analia kwa sababu hana jina. Kwetu mtoto akilia hivi anatajiwa waliotangulia, mmoja mmoja. Akinyamaza, huyo ndiye. Mimi sina haja ya kutaja. Ni Nyamizi. Kidevu kilekile. Jumapili anabatizwa, na jina litasomwa mbele ya watu. Nalisubiri tangu nimzike mama.

Neema anasema hapana, Nyamizi hayumo. Eti hata yeye Neema hayumo. Haya kayatoa Geita, alikokuwa akiwapikia wahandisi wa mgodi. Mama mmoja wa Sri Lanka, mtu wa dini ya Budha, alimfundisha kukaa kimya na kujitafuta ndani. Katafuta, hakukuta mtu. Nikamuuliza, siku ile nani alizaa? Maana kelele nilizisikia mimi. Akasema, "Uchungu ulikuwepo, bibi. Mwenye uchungu ndiye sikumwona."

Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma. Kisha sikucheka tena.

Alhamisi, 9 Julai

Nimemwita katekista amnyooshe. Nilijua atakuwa upande wangu. Wapi. Kasema roho ya kila mtoto ni mpya, Mungu kaiumba yenyewe. Nyamizi ni Nyamizi, yuko kwa Mungu, anasubiri kufufuliwa. Harudi kunyonya kwa Neema.

Dini mbili, na zote zinaninyima mama yangu. Nilitaka kuwafukuza wote wawili.

Wakaanza wao kwa wao. Nikasogeza kigoda. Katekista kasema Mkristo lazima ajikane.

"Basi tuko pamoja, baba katekista."

"Hatuko, mwanangu. Mimi najikana nimpe Mungu, naye ananirudishia mimi, nimetakata. Wewe unasema hakuna wa kutoa wala wa kurudishiwa."

"Nikiacha kusema changu, changu, nani ataumia?"

"Na nani atapenda?"

Nikampigia katekista makofi. Neema akamhamishia mtoto titi la pili. "Kupenda kupo, baba. Si unaona?" Nikapiga tena.

Moyo unanienda mbio kama msichana. Mambo makubwa hivi, uani kwangu, kati ya kuku.

Ijumaa, 10 Julai

Mama Shija, jirani, kaniletea maziwa yake ya kugandishia. Mimi ndiye niliyempa ya kuanzia alipoolewa, kutoka kibuyu hikihiki. Nimemimina. Nasubiri. Sina raha.

Jumamosi, 11 Julai

Yameganda. Uchachu uleule wa mama. Nimeita watu waonje. Neema kauliza, "Bibi, ni yaleyale?" Nikasema ndiyo. Nikasema hapana. Nikamfukuza jikoni.

Mchana Neema kasinzia, mtoto akaanza. Haya, nikamtajia. Nyamizi. Analia. Nyamizi, kwa sauti. Kazidi. Nikataja shangazi, wajomba, makaburi yote. Hakuna. Nikachoka, nikamfokea: "Wewe mayu, wewe mama, utaniua mimi Kabula."

Akanyamaza. Ananitazama.

Jina langu hilo. Nami niko hai. Nyumbani kwetu aliye hai hatajwi. Nimeingiwa na hofu. Nimejishika mikono, nimejishika magoti. Nikaenda mlangoni nikajaribu tena, polepole: Kabula. Akapiga chafya, akalala.

Kama Kabula ni huyu, huyu anayeandika ni nani? Nina hofu, na si hofu tu.

Jumapili, 12 Julai

Kabatizwa Maria Kabula. Nimelitamka mwenyewe, mbele ya watu. Nilidhani nikilitoa nitapungua. Katekista kaniambia, "Bibi, Mungu hawachanganyi ninyi wawili." Neema kaninong'oneza, "Jina limeondoka, na bibi hajaanguka." Sijui nani kapatia. Magoti yananiuma, na aniambie mtu si yangu.

Nyamizi hayumo ndani ya mtoto. Leo nimemlilia kidogo. Alikufa kweli.

Mtoto amelala tangu kanisani. Kibuyu kipo pembeni yangu.

Nimemwambia Neema, kesho akamue yeye. Sabuni isikisogelee. Na abakize kidogo chini.